Simulizi ya Mgonjwa Katika Uuguzi: Maana na Matumizi Yake

Simulizi ya mgonjwa ni maelezo anayoyatoa mwenyewe, kwa mpangilio wake, kuhusu ugonjwa na jinsi ulivyoyageuza maisha yake. Tusiichanganye na historia inayojazwa kwenye fomu siku ya kulazwa. Fomu huuliza maumivu yalianza lini. Simulizi hueleza kwamba yalianza wiki aliyofiwa, na tangu hapo anaogopa kulala.

Haikaushi kidonda wala haishiki nafasi ya dawa. Humpunguzia mgonjwa upweke na hofu, na humpa muuguzi habari za kufanyia kazi. Anayeacha vidonge vya shinikizo la damu huenda anakwepa kukojoa mara kwa mara akiwa kazini. Ukilijua hilo, utazungumza na daktari kuhusu saa ya kumeza badala ya kumwandika "mkaidi".

Dakika 10 za kumsikiliza mgonjwa zinatosha, mradi ziwe zake. Tuliza maumivu kwanza, vuta pazia, keti macho yenu yawe usawa mmoja. Uliza swali moja tu: "Hebu nieleze, tangu uanze kuumwa mambo yamekuwaje?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi hushindwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulikuta madaktari wakiwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18, na wauguzi wenye wodi iliyojaa hawana cha kujivunia zaidi. Akisita, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusema neno. Akimaliza, mrudishie kwa ufupi ulichosikia, akusahihishe. Kwenye faili andika yale yanayogusa huduma tu, kwa maneno yake mwenyewe, na umwambie unachoandika. Zamu inayofuata isipoyasoma, atasimulia upya kwa kila anayeingia hadi achoke.

"Usijali, utapona" hufunga mazungumzo papo hapo. Kibaya zaidi ni kumshurutisha aliyenusurika ajali au ukatili asimulie yote kwa kikao kimoja. Hilo halizuii madhara ya kiakili ya baadaye na laweza kuyazidisha. Mwache achague wakati, au asichague kabisa.

Maneno yakianza kuvurugika ghafla kwa mtu aliyekuwa akieleweka, acha kusikiliza kisa: pima oksijeni, sukari na joto la mwili, na mwite daktari. Akitaja kutaka kujiua, usimwahidi siri. Kaa naye, na utume mtu atoe taarifa.