Phir Aayi Hasseen Dillruba: mambo ambayo watu wanayashika kinyume

Hii muvi ya Kihindi, ambayo ni sehemu ya pili ya Haseen Dillruba, watu wengi wanaingia nayo wakiwa washajua steringi nani na adui nani, sasa ikianza kwenda tofauti wanasema haieleweki. Inaeleweka sana. Nitamwaga siri za sehemu ya kwanza maana bila hizo hatuwezi kuongea, ila mwisho wa sehemu ya pili siugusi, kaangalieni wenyewe.

Tuanze na hili la "sehemu ya pili ya Kihindi ni jina tu, anzia popote". Hii dhana ina chanzo chake na mimi siwalaumu wanaoiamini, maana Bombay wametuzoesha hivyo miaka mingi. Murder ya 2004 ilikuwa na Mallika Sherawat na Emraan Hashmi, ikaja Murder 2 mwaka 2011, Emraan yumo lakini ni mtu mwingine kabisa na stori nyingine kabisa, halafu Murder 3 ya 2013 hata Emraan hayumo. Jism ya 2003 na Jism 2 ya 2012 ndio hivyo hivyo, haziunganiki kwa lolote zaidi ya jina na mambo ya chumbani. Kwahiyo mtu akisikia muvi ya mapenzi na mauaji ya Kihindi imetoa namba mbili anajua ni stori mpya. Hii hapana. Hii inaendelea na kesi ile ile, mke ni yule yule Rani, Taapsee Pannu, mume ni yule yule Rishu, Vikrant Massey, na wote wawili wanatafutwa kwa lile lile walilolifanya mwanzo. Ukianzia ya pili hutaelewa kwanini Rishu ana mkono wa bandia, wala kwanini Jimmy Shergill ana hasira kiasi kile, maana yeye ni afande na ni baba mdogo wa Neel, yule aliyeuawa kwenye ya kwanza.

"Ilifeli sinema." Haikuwekwa sinema. Ya kwanza, Haseen Dillruba, ndiyo ilipangwa itoke majumba ya sinema Septemba 2020, korona ikafunga kila kitu, ikaishia Netflix tarehe 2 Julai 2021. Ya pili ikaenda Netflix moja kwa moja tarehe 9 Agosti 2024. Hakuna tiketi iliyouzwa, sasa hayo mahesabu ya kufeli yanatoka wapi.

Halafu kuna wanaosema Rishu alikufa kwenye ya kwanza, huyu wa Agra, mji wa India ambako sehemu ya pili inafanyika, ni pacha. Jamani. Najua muvi za Kihindi zimetulea kwenye mapacha, na wengi wetu huku Bongo tumeziona zile zilizotafsiriwa ambapo sauti ya mtafsiri iko juu ya kila kitu, mtafsiri akirukia sentensi mbili tatu pale mwishoni basi wewe umekosa muvi nzima. Ukweli ni huu. Mwanzo kabisa Rani yuko nje anawapa mbwa nyama, nyumba nyuma yake inalipuka kwa gesi, polisi wakija wanakuta kiganja cha mkono kina tatuu ya jina Rani, basi wote wanaamini Rishu kaungua. Kile kiganja ni cha Rishu kweli, ndio ujanja wenyewe, alijikata mwenyewe kwa hiari yake. Aliyeungua mle ndani ni Neel, binamu yake Rishu, aliyekuwa na uhusiano na Rani, na Neel alikuwa keshakufa kabla ya gesi kulipuka. Rani ndiye aliyempiga, kwa paja la mbuzi lililokuwa limeganda kwenye friji, gumu kama rungu. Kwahiyo mkono ukikutwa unathibitisha mkono ni wa nani, hauthibitishi mwenye mkono kafa, na inspekta Kishore Rawat, aliyekuwa anapeleleza kesi, alikuja kulielewa hilo akiwa keshachelewa.

Hapo kwenye paja la mbuzi watu wanasifia kwamba ni wazo jipya ambalo halijawahi kuonekana. Roald Dahl, Mwingereza, aliandika hadithi fupi mwaka 1953 ambapo mke anampiga mume wake na paja la kondoo lililoganda halafu analipika na kuwalisha polisi wanaokuja kupeleleza. Mimi naona muvi haipungui chochote kwa hilo, uzuri wa Kanika Dhillon aliyeandika zote mbili ni kwamba aliichukua hiyo akaipeleka kwenye mji mdogo wa India, kwenye jiko la mke asiyejua kupika na mama mkwe anayemsema kila siku, ikawa ya kwao kabisa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye vitabu, Dinesh Pandit, yule mwandishi ambaye Rani anamnukuu kila dakika, hayupo. Msimtafute. Ni mtu wa kutungwa. Ila vitabu vya aina hiyo vipo kweli India, vidogo, vya bei rahisi, karatasi mbaya, jalada lina mwanamke na bastola, vikiuzwa stesheni za treni, na Meerut ndio ulikuwa mji wake mkubwa wa kuvichapa. Surender Mohan Pathak na Ved Prakash Sharma ni waandishi wa kweli wa mtindo huo na waliuza sana. Wazee wetu waliosoma Willy Gamba wa Elvis Musiba wanajua ninachosema.

Lingine ni kile kipimo cha uongo cha polisi kwenye sehemu ya kwanza. Rani anafungwa zile waya, anaulizwa maswali, anapita, na watu wanasema basi kisheria kashasafishwa. Sio hivyo hata huko India kwenyewe. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi iliamua mwaka 2010, kesi ya Selvi, kwamba polisi hawawezi kumlazimisha mtu kufanyiwa kipimo hicho bila ridhaa yake, na hata akikubali, majibu yake peke yake hayawi ushahidi. Kupita hakukusafishi na kufeli hakukufungi. Ndio maana kesi yake haikufa na sehemu ya pili ina uhai.

Sasa lile linaloniuma kuliko yote, na hapa naomba mnisikilize. Watu wanaweka mitandaoni vipande vya video vya Rishu na Rani na kuandika hayo ndio mapenzi ya kweli, mtafute mtu atakayejikata mkono kwa ajili yako. Rudini muitazame ya kwanza vizuri. Rishu alipojua mke wake katoka nje alianza kumuumiza kwa makusudi, na sio mara moja, anamtega ndani ya nyumba yake mwenyewe ili ionekane ajali, na Rani anajua, na anabaki. Anaona ndio adhabu yake. Hilo lililalamikiwa sana na wachambuzi huko huko India ilipotoka, na kilichowashangaza wengi ni kwamba Taapsee huyo huyo mwaka mmoja tu nyuma, 2020, alicheza Thappad, muvi ya mwanamke anayedai talaka kwa kofi moja. Kofi moja tu, mbele za watu, na anakataa kurudi. Dada yangu unayeniambia Rishu ni mfano wa kuigwa, mtu anayekutega uumie ngazini halafu akija kukupikia unaita upendo, hapana, mimi siwezi kukubaliana na wewe hata kidogo. Muvi inawaonyesha watu wawili wanaopendana kwa namna iliyoharibika na ndio utamu wake kama hadithi, haijasema wewe ukaishi hivyo.

Na ile ya pili imelijua hilo, ndio maana ikamleta Abhimanyu. Sunny Kaushal, mdogo wake Vicky Kaushal, mpole, anafanya kazi zahanati, anampenda Rani bila kudai kitu, na Rani anaolewa naye ili polisi wampunguzie presha wakati Rishu yuko mji huo huo kajificha kwa jina lingine. Wengi wanamuita "yule boya wa zahanati" na wanamuwekea huruma tangu mwanzo mpaka katikati. Muangalieni tena anavyonyamaza, muangalieni mikono yake akiwa na sindano. Dairekta wa hii ni Jayprad Desai, sio Vinil Mathew wa ile ya kwanza, watu wanachanganya, na mkono wake unaonekana hapo hapo, anamuacha Abhimanyu pembeni ya picha muda mrefu sana wakati macho yetu yako kwa Rani na sari yake nyekundu.