Je, wajua kwa nini jikoni hunuka samaki wakati umebandika maharage?

Uko Uyole, Mbeya, Juni, sweta mwilini na maharage yako kwenye jiko la umeme. Mara shombo linajaa nyumba nzima, na hakuna aliyeleta samaki aina ya mbasa kutoka Kyela. Wengi hukimbilia kufunua sufuria. Mimi ningetazama ukutani kwanza, kwenye plagi.

Plagi na soketi nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya urea na fomaldehaidi. Ikipata joto kupita kiasi huanza kuoza kikemikali na kutoa gesi za jamii ileile inayompa samaki shombo lake.

Joto lenyewe linatoka wapi? Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Skrubu ikilegea, au miguu ya plagi ikicheza ndani ya soketi, umeme hupita kwa shida mahali hapo. Ukinzani wa omu 1 tu huzalisha wati kama 70, yaani balbu nzima ya kizamani imefungiwa ndani ya plagi! Watu husema: kungekuwa na hitilafu, si fyuzi ingekatika? Haikatiki. Fyuzi hukatika umeme ukizidi, na hapa umeme haujazidi, umepungua kidogo.

Mbeya tatizo hili lina muda wa kukomaa. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, maharage yanachelewa kuiva, na plagi inabeba mzigo muda wote huo. Hali huwa mbaya zaidi ukichomeka hita na birika kwenye ekstensheni moja na jiko (ambayo, kwa maoni yangu, jiko halipaswi hata kuigusa).

Ukisikia shombo, zima breka kwanza. Usichomoe plagi ikiwa ya moto. Ikipoa, tafuta doa la kahawia au mguu uliopiga weusi.

Jiko jipya nalo hunuka siku ya kwanza, lakini hiyo ni harufu ya mafuta ya kiwandani yanayoungua: fungua madirisha, itaisha. Ya plagi haiishi. Mwambie fundi abadilishe plagi na soketi kwa pamoja. Kusugua weusi kwa msasa hakufai kitu, kwa sababu vibanio vya ndani ya soketi vikishaungua hulegea, na plagi mpya utakayochomeka humo itaungua vilevile.