Gari ya spoti ya zamani ukishastaafu: inaharibika ikilala, sio ikitembea

Nimefanya ufundi wa magari zaidi ya miaka 30 kabla sijastaafu, na gari za spoti za zamani zilizokuwa zinaletwa gereji zikiwa na shida kubwa, nyingi hazikuwa zimeuliwa na mwendo. Zilikuwa zimeuliwa na kulala. Mwenye gari anaipenda kweli, anaifunika turubai, anaitoa mara mbili tatu kwa mwaka, na kila akiitoa anakuta kitu kingine kimekufa, breki imeshika, betri imelala, oili inavuja mahali palipokuwa pakavu. Sasa mi mwenyewe ni mstaafu na ninayo ya kwangu, Mazda MX-5 ya 1990, ile ndogo ya viti viwili yenye paa la turubai linalofunguka, na kwa kuwa wastaafu wenzangu wananiuliza sana kama ni akili kununua gari ya namna hii umri huu, nimeona niandike yote kwa pamoja.

Jibu langu ni ndiyo, tena mstaafu ndo mtu anayeifaa zaidi, kwa sababu kitu ambacho gari hizi zinakihitaji kuliko pesa ni muda, na muda sasa unao.

Kwanza kwa nini MX-5 ya kizazi cha kwanza na sio kitu chenye injini kubwa. Ile gari ilioneshwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, na walioitengeneza walikuwa wanaziangalia zile spoti ndogo za Uingereza za miaka ya 1960, kama Lotus Elan, ila wakataka isiwe inavuja oili na kukataa kuwaka. Injini ni ya lita 1.6, camshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu), valvu 16, nguvu kama farasi 115 hivi. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni kidogo, lakini gari yenyewe haifiki tani moja, injini iko mbele, tairi za nyuma ndo zinasukuma, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba kona ya kilomita 50 kwa saa inakupa raha kamili, unaisikia tairi inavyoshika kupitia usukani, unabadilisha gia kwa kiganja tu. Gari yenye farasi 400 ili uisikie lazima uende mwendo ambao haufai barabarani, na mtu wa miaka 65 hana sababu ya kujiweka hapo. Ndo maana mtu akiniuliza anunue ipi huwa namwambia achague nyepesi, nguvu aiweke mwisho.

Ukienda kuangalia ya kununua, injini iache mwisho. Injini inatengenezeka, spea zake zipo, fundi yeyote anayejua kazi anaielewa. Kinachoua gari hizi ni kutu, na kutu yake ina njia yake maalum ambayo nataka niieleze vizuri kwa sababu na mi ilinipata. Paa la turubai likipata mvua, maji yanateremka mpaka nyuma ya viti, pale kuna mfereji wa raba unaoyapokea na kuyapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na mahali mikanda ya viti inapotokea, halafu yanashuka na mpira mpaka chini ya gari mbele ya tairi la nyuma. Sasa majani, vumbi na nyuzi za turubai vikiziba lile tundu, maji hayana pa kwenda, yanafurika na kuingia ndani ya ile sehemu ya bodi inayopita chini ya mlango, na inaanza kuoza kutoka ndani huku nje rangi bado inang'aa. Yangu nilipoinunua rangi ilikuwa safi kabisa. Nikachukua kikombe cha maji nikamimina taratibu kwenye tundu la kulia, nikainama kuangalia chini, hakuna kitu. Nikasubiri. Baada ya kama dakika nzima likaanza kutoka tone moja moja, rangi ya chai iliyokolea, na nikipangusa kwa kidole nakuta vipande vidogo vya kutu kama maganda ya kitunguu. Hapo nilijua tayari. Ilibidi kukata pande zote mbili na kuchomelea bati jipya, na kazi ya rangi juu yake.

Kwa hiyo ukienda kununua nenda na kikombe chako cha maji, mweleze muuzaji unachofanya, muuzaji mwaminifu hatakataa. Weka pia mkono nyuma ya viti ubonyeze kapeti, kama lina unyevu uliza maswali. Na ukishaimiliki zibua yale matundu kila baada ya miezi miwili mitatu, ila usitumie waya wa chuma maana utatoboa ule mpira na tatizo litakuwa kubwa zaidi, tumia kipande cha plastiki kinachopinda, chenye ncha butu, taratibu.

Kitu cha pili kwa zile za mwanzo kabisa, 1989 mpaka ndani ya 1991. Injini zake zina krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) yenye pua fupi, na boliti la puli likifungwa vibaya hata mara moja tu, labda fundi alipobadilisha mkanda wa taiming, ule unaozungusha camshafti, kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia gia isicheze kinaanza kula mfereji wake, na ikishafika mbali krenki nzima imekwisha. Kujua kama yako ni ya aina hiyo hesabu mikato kwenye puli ya mbele, ikiwa minne ni pua fupi, ikiwa minane ni ile iliyoboreshwa. Yangu ina minne. Sio mwisho wa dunia, iache tu iwake bila kukanyaga mafuta, angalia puli ikizunguka, inatakiwa itulie kama imepigwa msumari, ikiyumba hata kidogo usinunue. Na siku ya kubadilisha mkanda wa taiming, ambao ni kila kilomita 100,000 hivi, simama hapohapo mpaka boliti lifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, usikubali mtu afunge kwa kukisia.

Sasa turudi kwenye kulala maana hapo ndo penye kiini.

Injini ikiwaka, kuna mvuke wa maji unaotengenezwa na kuungua kwa petroli, na sehemu yake inapenya kwenye pistoni inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukiendesha muda wa kutosha oili inapata moto, ule unyevu unageuka mvuke unatoka. Ukiwasha dakika kumi halafu ukazima ukiridhika kwamba umeichemsha kidogo, umeongeza maji kwenye oili, hujasaidia kitu. Watu wengi wanaangalia geji ya temperecha wanaona iko katikati wanasema tayari, lakini ile ni ya maji, oili inachelewa sana kuliko maji. Fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake, ukikuta utelezi wenye rangi ya maziwa ujue safari zako ni fupi mno. Mi natoka mara moja kila wiki, dakika 40 au zaidi, mvua isiponizuia. Kuwasha gari imesimama tu sifanyi kabisa, bora uiache imelala kuliko hivyo. Na zile kelele za tik tik tik juu ya injini ambazo wenye hizi gari wote wanazijua ni tapeti za haidroliki, vile vipande vinavyosukuma valvu, zimepungukiwa oili ndani kwa kukaa, mara nyingi ukibadilisha oili ukaiendesha ikapata moto vizuri zinanyamaza zenyewe.

Breki fluidi inanyonya unyevu wa hewani, ndo asili yake, iwe unaendesha au huendeshi. DOT 4, ambayo ni aina ya fluidi ya breki, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 bila kuchemka, ikishanyonya maji kama asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 155, na ikichemka ukiwa unateremka mlima mrefu pedali inakwenda chini mpaka sakafuni na hakuna breki. Zaidi ya hapo yale maji yanaozesha pistoni za kalipa, kile kinachobana diski ya breki, kutoka ndani. Badilisha yote kila miaka miwili hata kama umetembea kilomita mia tatu tu. Na ukiiegesha kwa muda usivute handibreki, kalipa za nyuma za gari hizi zina tabia ya kushika, weka gia na kabari kwenye tairi.

Klachi nayo inatumia fluidi hiyohiyo na hapo nilizembea. Nilibadilisha ya breki nikaacha ya klachi. Mwaka uliofuata nikiwa kwenye foleni nikakanyaga klachi nikahisi laini kuliko kawaida, ya pili ikaenda chini nusu, ya tatu haikurudi. Niliizima ikiwa kwenye gia, nikaomba watu wawili wanisukume pembeni. Nilipofungua ile silenda ndogo ya chini kwenye giaboksi, fluidi iliyotoka ilikuwa nyeusi kama oili ya dizeli, na kile kikombe cha raba cha ndani kilikuwa kimelika upande mmoja. Spea yenyewe ni ndogo inaenea kiganjani. Siku hizi ya breki na ya klachi nabadilisha siku moja.

Betri ya MX-5 iko kwenye buti, upande wa kulia, na inatakiwa iwe ile aina iliyofungwa yenye bomba dogo la kutolea gesi nje. Mtu akikuwekea betri ya kawaida bila bomba, gesi inajaa kwenye buti na mvuke wa asidi unakula bati la sakafu, nimeshaona sakafu imebaki kama chujio. Pima kwa mita, ikiwa imetulia isome volti 12.6 hivi, ikikaa muda mrefu kwenye 12.2 inaanza kufa ndani. Chaja ndogo ya kuitunza, ile inayojizima yenyewe, ni kitu cha kununua wiki ileile unayonunua gari.

Tairi usiangalie meno tu. Kwenye ubavu kuna maandishi ya DOT yanaishia na namba nne, 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Gari hizi hazitembei sana kwa hiyo meno yanabaki mazuri huku raba imekauka na kuwa ngumu, unaweza ukawa na tairi la miaka 14 linaloonekana jipya, na hilo kwenye barabara yenye maji ni hatari kuliko lililokwisha meno nusu. Mi yakifika miaka kumi natoa bila kujadiliana.

Kuhusu mwili wako mwenyewe sasa. Hii gari iko chini sana na usukani wake hausogei juu wala chini. Usianze kuingiza mguu mmoja halafu ukajikunja, utaumiza kiuno. Sukuma kiti nyuma mpaka mwisho, ipe gari mgongo, kaa kwanza, halafu ingiza miguu yote miwili pamoja huku unageuka. Kutoka ni hivyohivyo kinyume chake. Mke wangu ana shida ya goti na kwa njia hii anaingia vizuri, paa likiwa wazi anashika juu ya fremu ya kioo cha mbele.

Shingo ikiwa haigeuki kama zamani ujue paa likiwa limefungwa pembe za nyuma hazionekani kabisa, kwa hiyo vioo vya pembeni vitoe nje mpaka ubavu wa gari usionekane au uonekane kidogo sana. Usiku mi siendeshi hii gari. Mboni ya jicho la mzee haifunguki gizani kama ya kijana, mwanga wa gari zinazokuja unatusumbua zaidi, na taa za gari ya 1990 ni dhaifu, vitu vitatu kwa pamoja ni vingi. Na dawa unazokunywa soma karatasi yake kama zinaleta usingizi, muulize daktari wazi kabisa kuhusu kuendesha.

Yangu haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Kama umezoea gari za kisasa kwa miaka 20 mguu wako umeshasahau, hofu ikikuingia unakanyaga mpaka mwisho, tairi zinafunga na usukani haufanyi kazi tena. Tafuta uwanja mpana usio na watu, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka usikie tairi inalia, legeza kidogo tu, irudi kushika. Rudia mpaka mguu ujue wenyewe, halafu rudia siku kukiwa na maji.

Binti yangu tumekubaliana kitu kimoja. Kila baada ya miezi mitatu anakaa kiti cha pembeni safari nzima, paa wazi, na tukifika ananiambia alichoona, mi sijitetei. Kama nachelewa breki, kama sijaona mtu wa miguu, aseme. Na siku akisema baba inatosha, funguo namkabidhi yeye. Mara ya mwisho alisema nikiingia kona naukaribia mno mstari wa katikati. Nilikuwa sijui. Wiki hii nimepita kona zilezile mara nne, taratibu, gia ya tatu, nikiuangalia ule mstari.