CD4 nyingi, na MS bado ipo

“Mgonjwa ana MS, kinga imeshuka, tafadhali pima CD4.” Barua za rufaa za namna hii kuhusu MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) zinatosha sasa. Hapa Uganda VVU imetuzoesha kusoma CD4, idadi ya seli T saidizi katika damu, kama kipimo cha kinga, na kwa VVU ni sawa. Kwenye MS kinga haijashuka. Inashambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva, na seli T dhibiti, sehemu ya CD4 inayopaswa kuituliza kinga hiyo, hazifanyi kazi ipasavyo. Kuhesabu bodaboda zilizopo steji hakukuambii zipi zina breki.

Mwaka 2004 kundi la mtafiti David Hafler, Boston, Marekani, lilionyesha jambo hilo: idadi ya seli dhibiti katika damu ya wagonjwa ililingana na ya watu wenye afya, ila uwezo wao wa kuzuia ulikuwa umepungua.

Uwezo huo hupimwa maabara kwa kuzipa seli dhibiti kazi ya kuzuia seli nyingine zisigawanyike. Damu iwe ya heparini, si EDTA (zote huzuia damu isigande), na isipitie kwenye barafu. Chuja seli za CD4 zenye CD25 ya juu kabisa na CD127 ya chini, alama za juu ya seli zinazotambulisha seli dhibiti. Ukipata zaidi ya asilimia chache za CD4 zote, umezoa pia seli za kawaida zilizoamshwa, na mtu aliyetoka kuugua anazo tele. FOXP3, protini inayotumika kama alama ya seli dhibiti, haikuokoi, maana kwa binadamu seli hizo nazo huionyesha kwa muda. Zichanganye na CD4 zisizo na CD25 (ndizo seli shambulizi), zilizotiwa CFSE, rangi inayofifia kila seli inapogawanyika, kwa uwiano wa 1:1, 1:2, 1:4, kisha amsha kwa kingamwili ya CD3, inayowasha seli T, na usome siku ya nne au ya tano ni ngapi zimegawanyika. Wengi huharibu hapo kwenye kuamsha: dozi ikizidi, hata seli dhibiti za mtu mwenye afya hushindwa, nawe unaandika kasoro isiyokuwepo.

Vitabu husema “seli dhibiti ni dhaifu” na kuishia hapo. Haitoshi. Kwa baadhi ya wagonjwa zinazokaidi ni seli shambulizi zenyewe, IL-6, ishara ya uvimbe, ikiwasha protini ya STAT3 ndani yake. Ni lazima uzibadilishe: seli dhibiti za mgonjwa na seli shambulizi za mwenye afya, kisha kinyume chake. Bila hivyo hujui kosa liko upande gani. Na hata ukijua, umepima damu, wakati vidonda viko kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Wanaowauzia wagonjwa hawa unga wa “kupandisha kinga” waache. Mwaka 1987 wagonjwa wa MS walijaribiwa interferoni gama, kichochezi halisi cha kinga. Mashambulio yaliongezeka, matibabu yakasitishwa.