Usiihukumu airisi kwa ua lake la kwanza

Nikimgawia mtu kipande cha airisi yenye jina kubwa, huwa najua maswali yatakayonirudia. Mwaka wa kwanza ataniuliza mbona anaona majani tu. Mwaka wa pili ataniambia imechanua, lakini je, ndiyo hii kweli iliyopewa medali? Hili la pili ndilo linaloniuma, maana nimeona watu waking'oa airisi nzuri mno kwa sababu ya ua moja.

Nazungumzia airisi ndefu zenye ndevu, zile zinazopita sentimita 70: petali tatu zimesimama kama kuba, tatu nyingine zimeinama, na kila iliyoinama ina ukanda wa ndevu laini.

Medali inayotamaniwa kuliko zote ni ya Dykes, iliyopewa jina la Mwingereza William Rickatson Dykes, aliyetoa kitabu chake kikubwa kuhusu airisi mwaka 1913. Marekani ilianza kutolewa 1927. Sasa angalia jinsi inavyopatikana. 'Beverly Sills', yenye rangi ya waridi, ilianza kuuzwa 1979 ikapata medali 1985. 'Dusky Challenger', zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, ilitoka 1986 ikapata yake 1992. Miaka sita kila moja. Katika miaka hiyo majaji waliiona katika bustani mbalimbali, ikiwa kichaka kilichokwisha kushika udongo, chenye mabua kadhaa kwa pamoja. Hicho ndicho kilichopewa tuzo.

Wewe umepata tunguu moja. Linafanana na la tangawizi, majani yake yamekatwa yakabaki kama upepeo mfupi, mizizi imenyauka. Kazi yake ya kwanza ni kuota mizizi mipya, na kazi hiyo inakula akiba yote iliyomo ndani. Ndiyo maana napenda kupanda mwishoni mwa kiangazi, angalau wiki sita kabla ya baridi kali, ili mizizi ishike kabla udongo haujapoa.

Mgongo wa tunguu uonekane juu ya udongo. Palipo na jua kali sana, ufunike kwa udongo kidogo tu. Nasisitiza hili kwa sababu nililipia: tunguu langu la kwanza la thamani nililizika vidole vinne chini, nikidhani nalilinda. Misimu mitatu ya kuchanua ilipita nikiangalia majani mabichi, yenye afya, bila hata tumba moja. Nilipolifukua na kulipandisha juu, lilichanua msimu uliofuata. Mengine ni mepesi: jua la nusu siku au zaidi, udongo usiotuamisha maji, na mbolea isiyojaa naitrojeni. Naitrojeni nyingi huleta majani manono na uozo laini, ule unaonuka hata kabla hujainama. Ukiukuta, kwangua sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama ngumu na safi, kisha acha kidonda kikauke juani.

Kisha linakuja ua la kwanza. Mara nyingi bua ni fupi, matawi yamebanana, matumba ni matatu au manne, ilhali kwenye bua lililokomaa mimi natarajia saba au zaidi. Rangi inaweza kuwa imepauka, na petali zilizotakiwa kusimama zikalala. Hakuna aliyekudanganya. Bua hilo limelishwa na tunguu lililopoteza mizizi yake miezi michache tu iliyopita. Angalia rangi, furahi, andika tarehe, lakini usitoe hukumu. Mimi husubiri mwaka wa tatu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: tunguu likishachanua halichanui tena. Kitumba cha ncha yake kimeishia kuwa bua. Uhai unahamia kwenye machipukizi ya ubavuni, na hayo ndiyo yatakayobeba maua ya mwaka ujao, mawili au matatu mahali palipokuwa na moja. Kwa hiyo baada ya maua kuisha, kata bua chini kabisa ila majani mabichi yaache, maana ndiyo yanayowalisha watoto hao.

Anayepanda kwa mbegu anasubiri kwa namna nyingine kabisa, na nakiri hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Unachukua chavua kwa kibano, unaipaka kwenye mdomo mdogo wa stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, ya ua jingine, unangoja takriban miezi miwili tumba la mbegu likauke. Mbegu zinahitaji baridi na unyevu ndipo ziote. Halafu miaka miwili, mara nyingi mitatu, bila kujua chochote kuhusu rangi. Hata wazazi wote wawili wakiwa na medali, kila mche ni kiumbe kipya.

Dalili naitafuta kwa vidole. Nabana shina la majani pale chini; likiwa bapa, bado. Likiwa limevimba na kuwa la mviringo, na katikati kukawa na jani fupi kuliko wenzake, bua limo ndani. Leo asubuhi nimepita kwenye miche yangu ya mwaka wa tatu, nikabana mmoja mmoja. Wa kumi na saba umevimba.