"Tumeshaweka linki": dhana potofu za watafiti wa Kusini kuhusu mitandao ya kijamii

Watafiti wanaofanya kazi Mtwara na Lindi, wawe wa korosho, wa pweza au wa matende na mabusha, wana sentensi moja inayojitokeza kila wanapokaa kwenye mafunzo ya mawasiliano: "Matokeo tumeshayaweka kwenye grupu, wananchi wanayo." Ukiuliza yaliwekwaje, unaonyeshwa linki ya jarida la kisayansi, au PDF ya kurasa kumi na mbili za Kiingereza, na chini yake "Karibuni msome." Hakuna dhana inayopoteza kazi nzuri za utafiti kuliko hii, kwa hiyo ndiyo itakayopewa nafasi kubwa hapa.

Dhana: Ukiweka linki, umefikisha matokeo

Ifuatilie linki hiyo. Mkulima wa Tandahimba ana kifurushi cha mitandao ya kijamii. Kifurushi hicho kinafungua WhatsApp na Facebook, lakini tovuti ya jarida iko nje yake, basi inagoma kufunguka au inakula salio. Mwenye bando kamili akifungua, mara nyingi anadaiwa dola kabla ya kusoma. Aliyevuka hapo anakuta muhtasari wenye jina la Kilatini la kuvu na majedwali ya takwimu. Usiseme hajasoma. Muhtasari wa jarida umeandikwa kwa ajili ya watafiti wenzako, na jibu la swali lake, "nipulize dawa lini?", huenda halimo hata kwenye kurasa zote kumi na mbili. Ukiutuma msimu wa minada, kuanzia Oktoba, ndiyo kabisa: bei za mnada za MAMCU na TANECU, vyama vikuu vya ushirika vya wakulima wa korosho, zikianza kuingia kwenye magrupu, chochote kilichotumwa asubuhi kimefukiwa kabla ya adhuhuri.

Tuchukue ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na kuvu. Yanayojulikana siku nyingi ni kwamba kuvu wake hushambulia machipukizi na maua machanga. Kwamba salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Na kwamba salfa ni kinga, hivyo anayengoja maua yaungue amechelewa. Sasa tuseme una matokeo mapya kuhusu muda wa kupuliza. Yatafikaje?

Anza na kalenda. Mikorosho ya Kusini huanza kuchanua karibu na Juni, kwa hiyo ujumbe uingie Mei, wakati watu wanafuatilia pembejeo AMCOS, yaani chama chao cha msingi cha ushirika. Andiko lako likitoka Septemba, litangaze Septemba kwa wenzako, halafu lirudishe kwa wakulima Mei inayofuata. Watafiti wengi huona aibu kurudia jambo lile lile. Mkulima haoni aibu yoyote kulisikia mara ya pili siku anapolihitaji.

Kisha sentensi ya kwanza ibebe tendo. "Utafiti uliofanyika katika wilaya tatu umebaini kuwa" inamtaja mtafiti. "Anza kupuliza salfa maua yanapoanza kuchomoza, usingoje kuona unga mweupe" inamtaja mwenye shamba. Wilaya, idadi ya miti na jina la mradi viingie sentensi ya tatu au ya nne, kwa atakayetaka kujua ulijuaje.

Tumia sauti. Hapa sitabembeleza mtu: kwa vijiji vya Newala, Nachingwea au Kilwa, ujumbe wa sauti wa dakika moja, usiozidi moja na nusu, ni bora kuliko bango lolote la rangi. Hauli hata megabaiti moja, unamfikia asiyesoma vizuri, na kijana anaweza kumsikilizisha babu yake barazani. Rekodi ndani ya nyumba, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni, feni imezimwa. Kama kuna afisa ugani anayezungumza Kimakonde au Kimwera, mwombe arudie kwa lugha hiyo, naye akusomee kwanza kile alichoelewa kabla hajarekodi. Ndani ya sauti yenyewe taja taasisi, zao, mahali, mwezi na mwaka. Hili la tarehe husahauliwa kila mara, na madhara yake ni makubwa: WhatsApp ikisambaza ujumbe huonyesha kwamba umesambazwa, haionyeshi nani aliutoa wala ulitoka lini. Ushauri wa msimu mmoja, uliohusu dawa iliyokuwepo msimu huo, utaendelea kuzunguka miaka mitatu baadaye kana kwamba ni wa jana.

Picha iwe moja tu, na maneno yawe ndani ya picha yenyewe. Yale unayoandika chini yake hubaki nyuma mtu akiihifadhi na kuiweka kwenye stetasi yake. Maneno yasizidi ishirini na tano. Ijaribu kwenye simu ndogo bila kuikuza. Usiposoma wewe, hatasoma mtu. Grafu usitume. WhatsApp hubana picha, mistari myembamba na namba za pembeni hufifia, kinachobaki ni mchoro usiosema kitu. Tuma ua zima na ua lililoungua, yote ya umri mmoja, yamepigwa kwa mwanga ule ule.

Halafu baki humo ndani. Siku mbili za kwanza ndizo za maswali: salfa iliyobaki mwaka jana inafaa? Mikorosho mikubwa ya zamani ina kipimo kile kile? Jirani asipopuliza, mimi nafaidika? Swali ulilolipita litajibiwa na muuza duka au na mjuaji wa kijiji, na jibu hilo ndilo litakalokwenda shambani. Mteue mtu wa kujibu, tangaza saa zake, na kama huna mtu huyo ahirisha kutuma.

Upimaji usitegemee idadi ya waliotazama. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu video kuwa imetazamwa kwa sekunde 3 tu, na sekunde 3 hazimfundishi mtu kupuliza salfa. Baada ya wiki piga simu kwa watu kumi, wanaume kwa wanawake, wa vijiji tofauti, uwaulize: "Msimu huu utafanya nini tofauti?" Wengi wakishindwa kukurudishia tendo lako, kosa liko kwenye ujumbe. Uandike upya.

Dhana: Nikizungumza mtandaoni, jarida litalikataa andiko langu

Hofu hii ina mzizi. Mwaka 1969 mhariri wa jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, Franz Ingelfinger, aliweka kanuni ya kutochapisha kazi iliyokwishatolewa kwingine. Tangu hapo hali imebadilika: hifadhi za mtandaoni za maandiko yasiyochapishwa bado zimeanzishwa, bioRxiv 2013 na medRxiv 2019, na majarida mengi hupokea maandiko yaliyotangulia kuwekwa huko. Soma masharti ya jarida lako, ni kazi ya dakika kumi. Ila kama una uvumbuzi unaotaka kuuombea hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), nyamaza mpaka ombi liwasilishwe, kwa sababu kuutangaza mapema kunaweza kuuondolea upya wake kisheria.

Dhana: Watu wa huku wanataka udaku tu

Chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na maandiko yake yakachapishwa 1955 katika jarida la Uingereza. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin. Waambie watu wa Newala na Lindi mambo haya, kwa Kiswahili, kisha uhesabu maswali.

Dhana: Asilimia inaeleweka yenyewe

Haieleweki. "Hatari imepungua kwa asilimia 50" inaweza kuwa kutoka watu 2 kati ya 100 hadi mtu 1 kati ya 100. Andika hivyo hivyo, watu kati ya 100, miti kati ya 10.

Dhana: Ili kuua uvumi, uanze kwa kuutaja

Bango lenye kichwa "Je, dawa za mabusha zinapunguza nguvu za kiume?" linausambaza uvumi kwa wasiowahi kuusikia, kwa kuwa wengi husoma kichwa tu. Anza na ukweli: kingatiba, yaani dawa za kuzuia matende na mabusha, humezwa mara moja kwa mwaka, huua minyoo michanga iliyo kwenye damu, na homa au kizunguzungu kinachoweza kutokea hutokana zaidi na minyoo hiyo kufa. Uvumi utaje mara moja, katikati, ukisema ni uongo na kwa nini, kisha urudi kwenye ukweli.

Dhana: Picha ya kweli haina madhara

Ridhaa ya kushiriki utafiti haimaanishi ridhaa ya kuwekwa Facebook. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za afya za mtu, na mgonjwa wa matende hutambulika kijijini kwake hata ukimficha uso. Omba ridhaa ya pili, kwa fomu yake, ukimwonyesha picha yenyewe na ukurasa itakapowekwa. Kwa viota vya kasa wa Msimbati au visukuku (mabaki ya viumbe wa kale), usitaje eneo kamili. Tena jihadhari: picha iliyotumwa WhatsApp kama faili hubaki na alama za mahali ilipopigwa. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla hamjatoka kwenda ufukweni.