Masheedi wa Karachi na yale tunayodanganyana kuhusu utumwa

Kila ikifika tarehe 23 Agosti, siku ya UNESCO ya kukumbuka biashara ya utumwa, mitandaoni huku kwetu yanarudi maneno yaleyale. Mi nataka niyapitie nikianzia kwa watu ambao wengi wetu hatuwasikii kabisa, Masheedi wa Pakistan na ndugu zao Masidi wa India, wote wajukuu wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi.

Linalonichosha zaidi ni hili: "Waliopelekwa Uarabuni na Bara Hindi walihasiwa wote, ndo maana hakuna weusi kule." Uongo. Waliohasiwa walikuwepo, na ule ulikuwa ukatili usio na utetezi, lakini walikuwa wachache na bei yao juu, walinunuliwa zaidi kwa majumba ya wakubwa. Wengi waliopelekwa upande ule wa Uarabuni na Bara Hindi walikuwa wanawake na watoto, na suria akimzalia bwana wake mtoto, baba akamkubali, mtoto yule ni huru na ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo ukihesabu kwa rangi tu utawakosa wengi manake wako ndani ya koo za watu. Na wanaoonekana pia wapo kibao: Basra, Bandar Abbas, Oman, pwani ya Makran, Gujarat, Karnataka.

Tena si watu wa kujificha. Kaskazini mwa Karachi kuna ziara ya Pir Mangho, yaani kaburi la walii, mtaa wenyewe unaitwa Manghopir, na hapo ndo inafanyika Sheedi Mela, sherehe yao kubwa. Wanapiga ngoma yao inaitwa mugarman, wanacheza mpaka wengine wanapandisha, halafu msafara unateremka bwawani kumlisha nyama mamba mkubwa kuliko wote, jina lake Mor Sahib, na maua anavishwa. Usalama wa mji ulipoharibika sherehe ikasimama miaka kadhaa, ikarudi 2017.

Sasa hapo ndo wanaingia wale wa "hao si wanaabudu mamba". Jamani. Ni Waislamu, na mamba wanaheshimiwa kwa ajili ya walii aliyezikwa pale. Mtu wa Pwani aliyekulia kwenye maulidi na ziara za masharifu sidhani kama atashtuka sana. Kule Ratanpur, Gujarat, ni hivohivo, wanakusanyika kwenye kaburi la Bava Gor, wanasimulia kwamba alitoka Uhabeshi na wanamhusisha na biashara ya akiki, na Masidi wakicheza goma utasikia na malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu.

Halafu kuna makosa mawili yanayopingana ila watu wanayasema kwa pumzi moja. Kosa moja, ati hawa walikuwa watumwa tu basi. Malik Ambar aliuzwa akiwa mtoto toka Uhabeshi, akaishia kuwa ndiye mwenye usemi katika dola ya Ahmadnagar huko India, akawazuia Wamogoli, wafalme waliotawala kaskazini mwa India, mpaka alipokufa 1626, na kuna wengine walikuja kama mabaharia na askari wala hawakununuliwa na mtu. Hoshu Sheedi naye anakumbukwa mpaka leo Sindh, jimbo la Pakistan lenye Karachi, alikufa akipigana na Waingereza 1843. Kosa la pili, ati basi utumwa wa Bahari ya Hindi ulikuwa wa upole. Waulize wa mashamba ya karafuu Unguja, wa mitende ya Oman, wa kupiga mbizi kutafuta lulu Ghuba. Malik Ambar mmoja hafuti maelfu waliokufa njiani kabla hata hawajaiona bahari. Na Masheedi wengi bado wako chini kimaisha, mwanamke wa kwanza Msheedi kuingia bunge la Sindh, Tanzeela Qambrani, ameingia 2018, jana tu.

"Waingereza walimaliza utumwa 1873." Hapana, mkataba wa mwaka ule ulifunga soko la Unguja na kupiga marufuku kusafirisha watu baharini, lakini mtu aliyekuwa mtumwa shambani asubuhi, jioni alibaki mtumwa. Hali ya utumwa Unguja ilifutwa kisheria 1897, Kenya 1907, na Oman ni 1970, sisi huku tushapata uhuru zamani.

La mwisho, kwamba hakuna aliyerudi. Nyie mnaoshuka matatu Kengeleni, Mombasa, mnaipita kila siku ile kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru. Watu waliookolewa majahazini na manowari za Waingereza, wengine walipelekwa India, wakasomeshwa Nashik karibu na Bombay, na miaka ya 1860 na 1870 wakarejeshwa wakawa nguzo ya mji ule. Mmoja wao ni William Jones, Myao aliyeuzwa utotoni. Mwaka 1885 alifuatana na askofu Hannington safari ya Uganda, na Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki mpaka Rabai, karibu na Mombasa.